Somo: Kurudi kwenye baiskeli baada ya upasuaji ulioondoka na mizani

Miaka 3 iliyopita nilitolewa uvimbe nyuma ya sikio la kulia. Haukuwa saratani. Ni ule unaoota kwenye neva ya 8 ya kichwa, madaktari wanauita akustiki nyuroma. Neva hiyo ndiyo inayobeba usikivu na mizani, na yangu ya kulia iliondoka pamoja na uvimbe. Nikatoka hospitali sikio moja limekufa, natembea kama mtu aliyeshuka jahazini baada ya usiku wa bahari chafu.

Kazi yangu ni kusambaza mikate Ngamiani, Tanga. Kreti kwenye keria, mfuko kwenye hendeli. Mji wetu tambarare na baiskeli ndiyo gari ya wengi, kwa hiyo habari ya kuacha haikuwepo. Mara ya kwanza nilirudi kwa kiburi, nikaishia mtaroni. Mara ya pili nilirudi kwa mpango, na huo mpango ndio somo.

Kwanza kabisa ruhusa. Daktari aliyekupasua ndiye anayejua alifungua wapi na pamefungaje. Mimi wiki za mwanzo nilikatazwa hata kunyanyua ndoo na kuinama, achilia mbali baiskeli. Na ukiona maji maangavu yanachuruzika puani, hasa ukiinama, au unayahisi yana chumvi kooni, au homa pamoja na shingo kukakamaa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu.

Mafiga matatu

Mizani ya mtu imekaa juu ya mafiga matatu: masikio ya ndani, macho, na nyayo pamoja na viungo vinavyohisi ardhi. Ukikatwa neva upande mmoja, ubongo unapokea habari kutoka sikio moja tu, na unadhani unazungushwa. Baada ya wiki na miezi unajifunza kuishi na habari hiyo ya upande mmoja. Lakini unajifunza ukiusumbua. Ukilala kitandani kichwa kimetulia, haujifunzi kitu.

Nililigundua hilo bafuni. Nimejipaka sabuni usoni, nimefumba macho, mara ukuta ukanipiga begani. Macho yalipofumbwa, figa moja likatoka, chungu kikamwagika. Sasa fikiria baiskeli: ukishapanda, nyayo haziko ardhini tena. Umebaki na macho na sikio moja. Ndiyo maana mtu anayetembea vizuri kabisa anaweza kupanda baiskeli akaanguka mita 10 mbele, akashangaa miguu yake imemsaliti. Miguu haina kosa. Kinachomwangusha ni kichwa kikigeuka.

Hatua ya 1: Shingo

Chukua kiberiti, kigandishe ukutani usawa wa macho. Kaa hatua mbili hivi kutoka hapo. Soma maandishi huku ukigeuza kichwa kushoto na kulia kama anayekataa, macho yasibanduke kwenye herufi. Herufi zikianza kucheza, punguza kasi mpaka zitulie, kisha ongeza kidogo kidogo. Dakika 1, mara 3 kwa siku. Baadaye juu na chini, kama anayekubali. Ukimudu umekaa, fanya umesimama.

Kizunguzungu kitakuja. Kikija kikaondoka baada ya dakika chache, hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Kikikulaza nusu siku, umezidisha.

Kwangu mimi kipimo kilikuwa msikitini. Wiki za mwanzo nilisali nimekaa. Niliporudi kusimama, nikitoa salamu kulia, msikiti mzima unahama na unachelewa kurudi. Siku niliyotoa salamu zote mbili na nguzo zikabaki mahali pake, nilijua hatua ya kwanza imeisha.

Hatua ya 2: Kutembea na kichwa kinachogeuka

Tembea kisigino kwa vidole kwenye mstari wa vigae, ukuta ukiwa karibu. Kisha tembea kawaida, kila hatua 3 geuza kichwa upande mmoja, hatua 3 nyingine upande wa pili. Simama juu ya godoro lililokunjwa, umejibanza kwenye kona ya chumba, mtu akiwa jirani, ufumbe macho kidogo. Hapo unalidai lile sikio zima lifanye kazi.

Sheria yangu niliyojiwekea: hatua 20 nikigeuza shingo bila kutoka kwenye mstari, ndipo naigusa baiskeli. Ilinichukua miezi 4. Jirani yangu mmoja mwenye tatizo la namna hii alihitaji miwili. Usishindane na mtu.

Hatua ya 3: Baiskeli bila pedeli

Hapa watu wananicheka, lakini hapa ndipo mambo yote yalipo. Mpelekee fundi baiskeli yako ashushe siti mpaka nyayo zako zote mbili zikanyage chini ukiwa umekaa. Halafu atoe pedeli. Ukitoa mwenyewe, kumbuka pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume: ile ya kulia unaifungua kama nati ya kawaida, ya kushoto unazungusha upande wa pili. Nimeona mtu mzima akiruka juu ya spana kwa sababu hajui hilo, akaua nyuzi za mkono wa pedeli.

Sasa jisukume kwa miguu kama mtoto anayejifunza. Uwanja wa udongo mgumu unafaa zaidi; mchanga unameza tairi, na lami ukianguka inachuna. Sukuma, inua miguu, telezea, kanyaga. Unachojifunza ni kuachana na ardhi kwa sekunde 1, kisha 2, kisha 5, huku breki iko mkononi na ardhi iko chini ya kiatu. Tazama mbali, kwenye goli au mti. Ukitazama tairi la mbele umekwisha.

Nilifanya hivyo wiki 2, asubuhi, watoto wa mtaa wakinikimbilia wakidai zamu.

Hatua ya 4: Pedeli zinarudi

Acha siti chini hivyo hivyo. Nenda moja kwa moja, simama, shuka, geuza baiskeli kwa mkono, rudi. Kona baadaye.

Woga utakuambia uende polepole. Usiusikilize sana. Baiskeli hukaa wima kwa sababu unapeleka hendeli upande inakoangukia, na ikiwa inaenda polepole mno inabidi uvute hendeli huku na huku kwa nguvu. Kasi ya mtu anayekimbia taratibu ni rahisi kuliko kasi ya mtembeaji. Niliyumba sana siku 3 za mwanzo mpaka nilipoongeza mwendo kidogo, baiskeli ikanyooka yenyewe.

Hatua ya 5: Kutazama nyuma

Hapa ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Nilisikia bajaji, nikageuza shingo kulia kuitazama, mkono ukafuata shingo, tairi likafuata mkono. Nilitua mtaroni, mikate 11 ikaelea.

Jizoeze uwanjani. Mtu asimame nyuma yako ainue vidole, wewe ukiwa mwendoni utazame haraka na utaje ni vingapi. Mwanzo utapinda. Ukishamudu, toa mkono mmoja kwenye hendeli kama anayeonyesha ishara. Hadi unaweza kufanya vyote viwili bila kutoka kwenye upana wa mkeka, barabara bado si yako.

Lakini hata ukimudu, funga kioo. Fundi wangu alinifungia kioo cha pikipiki upande wa kulia wa hendeli, na nakiamini kuliko shingo yangu. Na hapa kuna jambo la sikio bovu ambalo sikuambiwa na mtu. Mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Kila kitu kinasikika kama kiko upande wa sikio zima. Gari likipiga honi kulia kwangu, mimi nasikia kushoto, na mwili unataka kuikimbia hiyo sauti ya kushoto ukaenda kulia, yaani kwenye gari lenyewe. Kwa hiyo: ukisikia honi, usipinde. Shika mstari wako, tazama kioo, ndipo uamue.

Hatua ya 6: Mtaani, kisha mzigo

Mtaa mtulivu, asubuhi kumekucha vizuri, bila mzigo. Mzigo unakuja mwisho, na unakaa chini kadiri inavyowezekana. Kreti ya juu juu inakuvuta kila ukiinamia kona. Mfuko wa hendeli niliuacha kabisa.

Kama upasuaji uligusa neva ya uso na jicho halifumbi sawasawa, vaa miwani iliyoziba pembeni na tumia matone uliyopewa. Vumbi likiingia kwenye jicho lisilopepesa, figa lingine limetoka.

Maswali ya wanachama

Swali (Bujumbura): Salamu kaka. Mimi sikio lililokufa ni la kushoto, na huku kwetu gari hupita mkono wa kulia. Mambo yanabadilika?

Yanageuka yote. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda tunakaa kushoto, gari linatupita kulia, kwa hiyo kiziwi wa kulia ndiye mwenye shida zaidi. Kwenu Burundi, na vilevile Rwanda na Kongo, mnakaa kulia na gari linakupitia kushoto. Kioo chako kiende kushoto, na mazoezi ya kutazama nyuma yafanye zaidi kwa bega la kushoto. Wewe na mimi tuko kwenye mashua moja, tumekaa pande tofauti tu.

Swali (Moshi): Mume wangu ana miezi 5 tangu apasuliwe. Asubuhi yuko sawa, jioni anapepesuka mpaka majirani wanadhani amekunywa. Ni kurudi nyuma?

Pole mama. Mara nyingi ni uchovu. Ubongo wake unafanya kwa makusudi kazi ambayo wa wengine hufanya bila kujua, na jioni unakuwa umechoka. Mafua au usiku wa kukosa usingizi pia humrudisha mtu nyuma siku mbili tatu. Baiskeli iwe ya asubuhi tu. Lakini kama kupepesuka kunaongezeka wiki hadi wiki, au kumekuja na kichwa kikali au kutapika, hilo ni la daktari.

Swali (Tanga): Shikamoo mjomba. Nakunywa Stugeron kila siku ndiyo niweze kusimama. Niendelee nayo wakati wa mazoezi?

Marahaba mwanangu. Dawa za namna hiyo zinanyamazisha kizunguzungu, na siku za mwanzo zinasaidia. Ubaya wake ukizitumia muda mrefu ni kwamba zinaunyamazisha na ubongo uliotakiwa kujifunza, na zinaleta usingizi, ambao juu ya baiskeli ni hatari. Usiache ghafla kwa neno langu. Mwambie daktari: "Nimeanza mazoezi, tupunguzeje?"

Swali (Kisumu): Mimi ni wa boda boda ya baiskeli. Nirudi kubeba abiria lini?

Ndugu yangu, mkate hautikisiki nikiwa njiani. Abiria anageuka, anaamkia watu, anapokea simu. Anza na mfuko wa mchanga kwenye keria, uzoee, kisha mtu mzima anayekujua na anayejua hali yako. Mteja wa barabarani awe wa mwisho kabisa, na ukiwa na mashaka hata kidogo, beba mizigo badala ya watu. Roho ya mtu si kreti.

Swali (Unguja): Baba yangu ana miaka 68, hataki kusikia kuhusu kuacha. Tumnunulie ya magurudumu matatu?

Inafaa sana, hasa zile za kiti cha chini. Ila mtu amwangalie kwenye kona. Baiskeli ya matairi mawili huinama kuelekea ndani ya kona, ya matatu haiinami, kwa hiyo ukikata kona kwa kasi inainua gurudumu na kukumwaga nje. Mtu aliyezoea ya kawaida miaka 50 ndiye huanguka, kwa mazoea. Na mradi mko kisiwani: asiende kupiga mbizi peke yake. Chini ya maji macho hayaoni vizuri na miguu haina pa kukanyaga, mtu aliyepoteza mizani anaweza asijue juu ni wapi.

Swali (Dodoma): Helmeti inanibana kwenye kovu. Naweza kupanda bila?

Hapana. Kovu likiwa bichi, wewe bado ni wa hatua ya 1, huihitaji. Likipona, tafuta saizi kubwa kidogo yenye mkanda unaorekebishika, upite mbali na kovu. Usichonge sponji ya ndani, ndiyo inayokinga kichwa.

Swali (Tanga): Mjomba, sema kweli. Umerudi kama zamani?

Sijarudi. Sipandi usiku, na giza likinikuta njiani nashuka nasukuma. Mvua ikinyesha nasukuma. Zamani nilianza kugawa mikate saa 11 alfajiri. Sasa naanza kukishakucha, na wateja wangu wawili walihamia kwa mwingine kwa sababu hiyo. Waliobaki wamezoea chai yao kuchelewa. Juzi mmoja alinisemesha kutoka upande wa kulia mara tatu, sikumsikia, akadhani nimemnunia. Sasa anazunguka kwanza upande wa kushoto ndipo anaagiza.