Namna ya kuendesha mdahalo wa Nero na vijana bila kuishia kwenye kelele

Wakuu, kama una kikundi cha vijana hapa Moshi, iwe cha jumuiya au cha shule au mnakutanaga tu kijiweni jioni na mmeshachoka kubishania Simba na Yanga, mchukueni Nero muone. Huyu ni Kaisari, mtawala wa dola ya Roma ya kale, ambae kila mtu anadhani anamjua: aliua mama yake, alichoma Roma, akakaa pembeni anapiga vayolini mji unaungua. Watu wanakuja na hukumu tayari kabla hata hujawakaribisha viti, na ndo maana anafaa, sababu kazi yako wewe mwenyekiti ni moja tu, kila anaeongea aseme hiyo habari katoa wapi na aliyeiandika aliiandika lini.

Anza na hoja. Usiweke "Nero alikuwa mtu mbaya", hapo mtamaliza dakika tano na wote mko upande mmoja. Weka kitu kinachobana, mfano "Nero ndie aliyechoma Roma", au "Mwananchi wa kawaida wa Roma alikuwa na sababu ya kumpenda Nero". Mi naipendelea hii ya pili, inawagawa watu vizuri na hata wasioongeaga wanajikuta wanachangia.

Kabla hujamgusa Nero wapashe moto dakika kumi na Mangi Meli, yule chifu wa Wachagga wa Old Moshi. Kila mtu hapa anajua kwamba Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Waulize: kwenye makaratasi ya Wajerumani wa wakati ule Meli ni nani? Mla njama. Na ukipanda Old Moshi ukawauliza wazee? Shujaa, ambae kichwa chake bado wanadai kirudishwe nyumbani. Mtu ni yule yule, mkono ulioshika kalamu ndo tofauti. Usieleze zaidi ya hapo, waachie, watalirudia wenyewe mbele ya safari.

Sasa karatasi. Mpe kila mmoja ukurasa mmoja tu, nenda steshenari toa kopi, usitume PDF kwenye grupu maana hamna atakaefungua. Weka tarehe ambazo pande zote mbili hazibishani, zote ni baada ya Kristo: kazaliwa Desemba 37, kawa Kaisari mwaka 54 akiwa na miaka 16 (hapa simama kidogo waangaliane, ni dogo wa fomu tatu huyo kapewa dola nzima), mama yake Agrippina kauawa 59, mke wake Octavia 62, moto wa Roma Julai 64, mwalimu wake Seneca kaamriwa ajiue 65, yeye mwenyewe kajiua Juni 68 ana miaka 30. Miaka ya mwanzo serikali ilikuwa inaendeshwa zaidi na Seneca na Burrus, mkuu wa walinzi, na hata waliomchukia Nero wanakubali kwamba kipindi kile mambo hayakuwa mabaya.

Nyuma ya ukurasa waweke waandishi wa kale walioandika habari zake, na hapa ndo pa kukazia. Tacitus moto ulipotokea alikuwa mtoto mdogo, kaandika zaidi ya miaka 50 baadae. Suetonius alizaliwa Nero akiwa ameshakufa au anakaribia. Cassius Dio yeye ni karne ya tatu huko, miaka kama 150 na kitu baada ya moto. Wote watatu ni watu wa tabaka la juu, lile lile ambalo Nero alilinyanyasa, na wameandika chini ya makaisari wa koo zingine ambao hawakupata hasara yoyote Nero akionekana shetani. Sio kwamba ni waongo wote. Ila mtu akisimama akasema "Suetonius kasema" mwenyekiti uliza hapo hapo: alikuwepo?

Kwenye moto wape muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Ulianzia kwenye maduka karibu na uwanja wa mbio za magari ya farasi, ukawaka siku sita, ukazimwa, ukafumuka tena. Mji ulikuwa na wilaya 14, 3 ziliteketea kabisa, 7 zikabaki magofu, 4 tu ndo zilipona. Suetonius na Dio wanasema moja kwa moja kwamba Nero kachoma. Tacitus, ambae hampendi hata kidogo, anasema haijulikani kama ilikuwa ajali au ni yeye, na anasema wakati moto unaanza Nero alikuwa Antium pwani, akarudi, akafungua bustani zake walioungua waingie, akaleta chakula, akashusha bei ya nafaka. Halafu ile stori ya kuimba Tacitus anaiita uvumi. Vayolini ndo sahau kabisa, haikuwepo mpaka miaka ya 1500 huko, jamaa alikuwa anapiga zeze la Kigiriki linaloitwa cithara.

Upande wa kumtetea wakishapata hayo watavimba vichwa, watataka kumfanya malaika. Hapo mwenyekiti uwe umejiandaa kuwarudisha chini. Waulize: baada ya moto nani alichukua eneo kubwa katikati ya mji akajijengea kasri la dhahabu lenye ziwa la kuchimba na sanamu ya shaba ya zaidi ya mita 30? Na lawama zilipozidi nani aliwabebesha Wakristo, wengine wakachomwa usiku wawe kama taa bustanini? Hiyo nayo ni Tacitus. Huwezi kumuamini akikupendelea ukamkataa akikubana. Na la mama hamna wa kulisafisha, wamejaribu wengi.

Kama kikundi ni cha kanisa jiandae na vitu viwili. Cha kwanza ni 666. Kuna atakaesema tu, namba ya Ufunuo 13 ni Nero, na kweli ukiandika Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania ukajumlisha inatoka 666, wasomi wengi wanalikubali hilo. Lakini ukiliruhusu mwanzoni jioni imeisha, mtajikuta mko kwenye chipu na chanjo. Mwambie alihifadhi mpaka mwisho. Cha pili we mwenyewe ndo ukirushe, tena katikati watu wakianza kusinzia: waambie wafungue Matendo 25, Paulo anakata rufaa kwa Kaisari. Kaisari yupi? Ndo huyu. Na Warumi 13, ile ya kutii mamlaka, imeandikwa kama mwaka 57 hivi Nero yuko kitini. Kaa kimya uone ukumbi unavyochangamka.

Kwa ile hoja ya mwananchi wa kawaida, silaha kubwa ya watetezi iko kwa Suetonius mwenyewe, anakiri kwamba kwa miaka mingi watu walikuwa wanapeleka maua kaburini kwa Nero. Na baada ya kufa walitokea matapeli kama watatu kwa nyakati tofauti huko mashariki wakijiita Nero amerudi, na wakapata wafuasi. Tapeli hajifanyi mtu ambae hamna anaemtaka. Wapinzani nao wana la kujibu, wapenzi wa maonyesho na nafaka za bure wapo kila zama, na sarafu ya fedha alianza kuichakachua yeye mwaka 64, hiyo inamuuma nani kama sio huyo huyo mwananchi.

Kama kuna mtu wa jografia mpe kazi ndogo ya pembeni: Nero alituma askari wakatafute chanzo cha mto Nile, wakaishia kwenye madimbwi makubwa yenye majani ambayo wengi wanaamini ni yale ya Sudan Kusini. Ziwa letu la Victoria hawakulifikia.

Muda: wasemaji wakuu dakika saba saba, wachangiaji dakika mbili na mtunza muda awe mkali, asiwe rafiki wa mtu. Hamna kuingilia, hamna "we hujui kitu". Mzee akiwepo mpe nafasi mwishoni, ukimpa mwanzo kwa heshima zetu hamna kijana atakaempinga.

Kura pigeni mara mbili, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kwa karatasi sio mikono. Usitangaze nani kashinda, tangaza wangapi wamehama, na waliohama waulize ni kitu gani kilichowahamisha. Wakitaka kuendelea wiki inayofuata wapeni Vespasian, Kaisari wa baadae aliyeanza kujenga Colosseum, ule uwanja mkubwa wa maonyesho, pale pale lilipokuwa ziwa la Nero na akatoza kodi mikojo ya vyoo vya umma. Hiyo ukiileta kwa watu wa stendi haihitaji hata karatasi.