Kabla ya Kuosha Gari na Kulipaka Nta Nyumbani Malindi

Mkaazi wa Malindi anayetaka kuosha gari na kulipaka nta mwenyewe kwa gharama ndogo aanze kwa kuyaonja maji yake, kwa kuwa visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvichumvi ambayo, yakikaukia juu ya bodi, huacha madoa meupe yanayong'ang'ania rangi. Maji hayo yatumike kulowesha na kutoa matope tu. Ya kusuuzia mwisho yawe ya mfereji, au ya mvua yaliyokingwa wakati wa masika. Mtungi mmoja wa lita 20 hutosha gari dogo, mradi yamiminwe polepole kutoka juu ya paa na gari likaushwe papo hapo.

Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, kwani huondoa nta iliyobaki pamoja na uchafu. Chupa ya shampuu ya gari huonekana ghali dukani, lakini hutiwa kidogo tu ndooni, hivyo hudumu kwa miezi.

Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, maana kinachochora rangi ni mchanga, na mji wetu haukosi mchanga. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi kwenye gari kabla hakijafuliwa. Nguvu nyingi ningependa zielekezwe ndani ya madigadi na chini ya gari, ambako hakuna anayepatazama na ambako kutu, ikisaidiwa na hewa ya bahari, huanza kula bati kimyakimya.

Kazi ifanywe asubuhi mapema, kwenye kivuli cha nyumba, si cha mwembe wenye ndege na utomvu, kwa sababu nta ikipakwa juu ya bati lenye moto hukauka kabla ya kusambaa na kuifuta huwa taabu. Siku kusi inapovuma kwa nguvu na kuinua vumbi, ni heri kuosha tu na kuahirisha nta.

Kabla ya kufungua kopo, mwagia maji boneti iliyooshwa: yakijikusanya matone matone, nta ya awali ingali inafanya kazi, yakitandaa, paka utando mwembamba, sehemu moja baada ya nyingine, ukiepuka plastiki nyeusi, ambazo nta huziachia weupe mgumu kutoka.