Jinsi ya kupiga muvi ya familia nne za nyuma ya geti, hapa hapa Njiro, Arusha, bila mtazamaji kupotea

Watu wengi wakisema wanataka kutengeneza muvi ya familia wanaanza na baba tajiri, mchepuko na mama mkwe mkorofi, af nyumba ni moja na sofa ni lile lile toka mwanzo mpaka mwisho. Mi hapa naongelea aina nyingine kabisa, ile ya nyumba nne kwenye mtaa mmoja, kila nyumba na kidonda chake, hakuna staringi mmoja, na mambo ya huku yanaenda kuharibu ya kule bila wenyewe kujua. Ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ya kwanza niliyojaribu ilikuwa na nyumba 9 na watu 23, nikaionyesha sebuleni kwa shangazi Moshono, dakika ya 12 akauliza "huyu ndo mtoto wa yule mama wa gari jekundu au wa yule mwingine?", nikamjibu, dakika ya 15 akauliza tena, dakika ya 20 akasema anaenda kuangalia maharage na hakurudi.

Sa nilichokosea sio idadi tu. Nilikuwa nimeangalia sana muvi za Wamarekani za namna hii nikaiga mpaka ramani ya mtaa. Kule mbele ya nyumba ni majani tupu, uzio hakuna, baba akikata majani jirani anamwona dirishani, kamera inateleza tu kutoka nyumba hii kwenda ile. Mfano kuna The Safety of Objects ya mwaka 2001, dairekta ni Rose Troche, imetoka kwenye kitabu cha hadithi fupi cha A. M. Homes, ina familia nne majirani, na kinachozifunga pamoja ni ajali moja ya gari iliyomlaza kijana wa nyumba mojawapo kwenye koma, hajitambui. Kuna mama anashindana kushika gari ili alishinde, unaweka mkono juu ya gari na wa mwisho kuutoa ndo anaondoka nalo, na huyo mama ndo mama wa yule kijana. Ukiijua hiyo unaelewa kwanini yuko tayari kusimama pale mpaka miguu ife. Angalia hilo tu kwenye hiyo muvi: tukio moja, na kila nyumba inalibeba kivyake.

Ila Njiro sio kule. Njiro, Sakina, Ilboru, au hata Shanty Town pale Moshi, nyumba ni ukuta mrefu, juu seng'enge au vipande vya chupa, mbwa wawili, geti la chuma. Jirani hakuoni. Unaweza ukakaa miaka 6 hujui sura ya wa pembeni, unajua tu honi ya gari lake. Kwahiyo swali la kwanza kabla hujaandika hata mstari mmoja wa skripti ni hili: nani anaingia kwenye mageti yote manne? Mwenye nyumba haingii. Anayeingia ni mama wa maziwa, fundi bomba, kijana wa kukata maua, dada wa kazi anayetumwa kuomba chumvi kwa dada mwenzake, askari wa getini anayepiga stori na askari wa jirani. Hao ndo korido yako. Chagua mmoja, mmoja tu, umpe muvi nzima imtembeze.

Mi nilimchagua mama wa maziwa anayeshuka na madumu yake toka juu Ilboru, kwasababu ana daftari. Daftari la maziwa ni silaha bana. Nyumba ilikuwa inachukua lita 3, wiki hii inachukua 1, hajasema mtu kitu ila mtazamaji ameshajua hela imekata. Nyumba iliyokuwa inachukua nusu lita ghafla inataka 2, kuna wageni, ni kina nani na wamekuja kufanya nini? Hapo hujaandika neno hata moja la kueleza.

Baada ya hapo tafuta kitu kimoja kitakachopita kwenye nyumba zote, kama ile ajali yao. Kwa kwetu sikuhangaika, nikachukua michango ya kipaimara. Mtu wa kaskazini haelezwi hii, mtoto akipata kipaimara kuna kamati, kuna grupu la WhatsApp, kuna orodha ya walioahidi na waliotoa inatumwa kila jioni ili wasiotoa waone aibu, na kuna mtunza hazina. Mtunza hazina wangu amekula hela. Basi.

Sa zile nyumba. Usizifanye zote ziwe na ugomvi wa ndoa, utachosha watu. Za kwangu zilikuwa hivi. Ya kwanza baba ni dereva gaidi wa safari, yaani guide, anayeongoza watalii, toka Juni mpaka Oktoba yupo porini na wageni, anarudi siku mbili anaondoka tena, na mke na watoto wamezoea kuishi bila yeye, wana sheria zao na viti vyao. Shida inaanza Aprili, mvua zimeshika, kambi nyingi zimefungwa, baba yupo nyumbani asubuhi mpaka jioni na hakuna anayejua amuweke wapi. Watu wanadhani msiba wa familia ya gaidi ni kutokuwepo kwake, kumbe ni kuwepo. Hii ndo nyumba niliyoipenda kuliko zote na nakiri niliipa dakika nyingi kuliko haki yake.

Ya pili ni mama mjane, nyumba alijenga na marehemu, sasa mashemeji wanashuka toka Machame kila Jumapili kusalimia, na kila wakija macho yapo kwenye kabati lenye hati. Ya tatu ni bibi wa Kondoa, Muislamu, analea wajukuu, wazazi wao wako nje wanatuma hela na kupiga simu ya video Jumamosi, na mjukuu wa kidato cha tatu ameacha kwenda shule wiki ya pili sasa, simu ikipigwa anavaa shati la shule. Bibi hahusiki na kipaimara ila ametoa mchango kwasababu ujirani ndo ulivyo, na wao wakati wa Idi hula pilau yake. Ya nne ni wapangaji, mke na mume vijana, gari la mkopo, mke ndo huyo mtunza hazina.

Unaona hapo kila nyumba ina siri na ina mahali siri inapovuja. Andika hivyo viwili kwenye karatasi kwa kila nyumba kabla ya kitu kingine. Siri bila pa kuvujia inabaki kichwani mwako wewe mwandishi, mtazamaji hapati kitu.

Ukishamaliza, kata maboksi vipande vidogo, kila nyumba rangi yake ya maka peni, kila sini (onyesho moja la muvi) kipande kimoja, tandaza sakafuni. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya muvi, kwahiyo kwa dakika 80 unahitaji kama kurasa 80, mi nilikuwa na vipande 46. Pitisha macho, ukikuta bluu haijaonekana kwa vipande nane mfululizo ujue hiyo nyumba imeshasahaulika, ukija kuirudia mtu anaanza upya kukumbuka. Na usihame nyumba mambo yakiwa yametulia, hama swali likiwa hewani, mashemeji wamesema "tulikuwa tunataka tuongee kidogo", kata, nenda kwa bibi.

Dakika kumi za kwanza ndo zinazookoa au kuua. Mtazamaji hashiki majina, anashika mageti. Kwahiyo nilimtambulisha kila mtu kwa namna geti lake linavyofunguliwa: la kwanza watoto wanakimbia kufungua af wanaona ni baba wanarudi ndani taratibu, la pili lina kufuli mbili na mjane anachungulia kwanza, la tatu liko wazi siku zote, la nne ni la rimoti ila rimoti imeisha betri na mume anashuka kusukuma kwa mkono huku anaangalia kama kuna mtu amemwona. Shangazi yangu mpaka leo anawaita "wale wa rimoti".

Na wakutanishe wote sehemu moja mara tatu au nne, isizidi. Huku kwetu kuna jumuiya ya kanisa, inazunguka nyumba hadi nyumba, ndo siku pekee jirani anaingia sebuleni kwako anaona pazia na anaona picha ya ukutani imetolewa. Weka jumuiya kila baada ya dakika ishirini hivi, kila mara nyumba nyingine, na mwache bibi wa Kondoa asikie nyimbo kupitia ukutani.

Maongezi. Tafadhali wasiongee kama tamthilia ya Dar. Huku ni Mama Glory na Baba Glory, shemeji, mzee, bibi, mtu mzima haitwi jina lake kavu. Na baba wa hapa hamwambii mtoto anampenda, anamuuliza "umekula?" au anakagua soli ya kiatu chake cha shule. Ukiandika baba analia anasema "nimekukosea mwanangu" waigizaji wenyewe watacheka, wangu walicheka.

Upande wa vibali sitakaa sana ila usiruke. Filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu kwa sheria ya mwaka 1976, unahitaji kibali kabla ya kupiga, na kazi ikiisha inakaguliwa na kupangiwa daraja. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri akuelekeze, pita kwa mwenyekiti wa mtaa ili watu wasidhani mnapiga picha nyumba za kuiba, na kwa mwenye nyumba andikisheni. Kwenye maandishi hayo ongezea mstari kwamba hatabadilisha kitu mpaka mmalize. Sisi hatukuongeza, mwenye nyumba mmoja akapaka geti rangi katikati ya kazi kwa ajili ya Krismasi, lilikuwa bluu likawa kahawia, ikabidi tuandike sini ya baba wa nyumba hiyo anapaka geti kwasababu hana kazi ya kufanya. Ikawa sini nzuri kuliko nyingi tulizozipanga, ila usitegemee bahati hiyo.

Piga nyumba moja uimalize ndo uende nyingine, usifuate mpangilio wa hadithi. Kama unatumia simu, iweke fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni hertz 50, ukiacha tofauti na hapo taa za ndani zinachezacheza kwenye picha na kuzitoa baadae ni shida sana. Nje piga asubuhi baada ya saa moja au jioni kuanzia saa kumi na moja, ila jua likikaribia kuzama usizubae, huku kwetu giza haliombi ruhusa.

Sauti ndo itakayokuumbua. Maiki ya kubana kwenye kola kwa kila anayeongea, zima friji, na weka funguo za gari ndani ya friji ili usiondoke bila kuliwasha, nyama ya mwenye nyumba ikioza hutakaribishwa tena pale. Kila chumba rekodi dakika moja ya kimya, utaihitaji kwenye kuediti. Aprili ni tamu kwa hadithi ila mvua kwenye bati inameza maneno yote, sisi tuliacha kupigana nayo, tukaamua mke wa gaidi aseme ukweli wake mvua ikiwa imekaza, mdomo unaonekana unasema, mume anasema "nini?", anasema "nimesema weka ndoo hapo panavuja". Kuediti nilitumia programu ya DaVinci Resolve ile ya bure, inatosha.

Mwisho wa muvi usizipatanishe nyumba zote. Moja ipone kidogo, moja ihame, moja ibaki vile vile. Sisi tulimaliza na mama wa maziwa anagonga geti la wale wa rimoti, anagonga tena, kimya, anamimina lita moja kwenye sufuria lililoachwa nje, anaandika kwenye daftari, anaondoka. Shangazi safari hii hakwenda jikoni, aliangalia mpaka majina yakaisha, af akauliza hayo maziwa sasa analipa nani.