Kumuua Caesar jukwaani: kwa vikundi vya maigizo vya Lubumbashi

Ukiona watazamaji wanacheka wakati Caesar anaanguka, usilaumu damu wala visu. Usaliti haukujengwa. Kuchomwa na adui si ajabu. Kinachouma katika mchezo huu wa Shakespeare, Julius Caesar, ni kwamba Brutus ni rafiki yake Caesar wa karibu.

Kwa hiyo anzieni mbali, sehemu ya pili, onyesho la pili. Calpurnia, mke wa Caesar, ameota sanamu ya mumewe ikitoka damu, anamzuia asitoke. Decius, mmoja wa wauaji, anaigeuza ndoto iwe ya heri, wenzake wanafika, na Caesar anawakaribisha wanywe divai kabla ya kwenda. Maandishi yanawapeleka ndani kunywa. Ninyi wanywesheni mbele ya watu. Kikombe kiwe kimoja, kipite mkono kwa mkono, na Brutus awe wa mwisho. Onyesho hili lisikatwe hata kama mmepewa saa moja na nusu tu.

Sasa mauaji yenyewe, sehemu ya tatu, onyesho la kwanza. Wenye visu ni sita: Casca, Cinna, Metellus, Decius, Cassius na Brutus. Trebonius kazi yake ni kumtoa nje Antony, rafiki wa Caesar, na watu wote wamwone akimshika bega. Metellus anapiga magoti katikati, akimwombea ndugu yake aliyefukuzwa. Brutus anambusu Caesar mkono. Cassius anainama hadi miguuni. Casca peke yake abaki amesimama nyuma.

Casca achome kwanza. Wanne wafuate, kila mmoja kwa hesabu yake: moja, mbili, tatu, nne. Kisha kimya kwa hesabu tatu. Caesar amwone Brutus, amwendee kama mtu anayekimbilia msaada, na hapo Brutus achome. "Et tu, Brute?" (Hata wewe, Brutus?) iacheni kwa Kilatini kama ilivyoandikwa, isemwe kwa sauti ndogo. Caesar aanguke chini ya sanamu ya Pompey, hasimu wake wa zamani. Kosa la kawaida ni wote sita kuvamia pamoja, kwa sababu waigizaji wanaogopa kile kimya. Brutus anapotea ndani ya kundi na mchezo unafia hapo.

Visu viwe vya mbao, sentimita 25, ncha ya mviringo, vimepigwa msasa na rangi ya fedha. Kisu cha jikoni hapana, hata kikiwa butu. Mkono usimame upana wa kiganja kabla ya mbavu, upande ambao watazamaji hawauoni, na usielekee shingo wala uso kamwe. Anayechoma na anayechomwa waangaliane kwanza. Casca, kwa kuwa yuko nyuma, amguse Caesar bega. Fanyeni polepole mara kumi kabla ya kuongeza mwendo.

Damu: chemsheni sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja kwa dakika tano. Koroga vijiko viwili vya chai vya maizena (wanga wa mahindi) katika maji baridi kidogo, mimina, pika mpaka iwe nzito, ipoe. Tia rangi nyekundu ya chakula kijiko kimoja cha chai na kakao nusu kijiko. Bila kakao inaonekana kama juisi. Kakao ikizidi inakuwa tope. Mtapata kama nusu lita. Nyingi itumike baada ya kifo, pale Brutus anapowaambia wenzake waoshe mikono katika damu hadi viwiko: ficheni beseni nyuma ya sanamu. Ndani ya nguo ya Caesar wekeni vipande vitatu vya sponji, avibonyeze mwenyewe. Ijaribuni chini ya taa zenu, maana balbu ya njano huifanya kahawia. Tandikeni gunia, sakafu isiteleze, na nguo zifuliwe usiku uleule kwa maji baridi.

Vazi la Caesar tayarisheni mawili. La pili, lenye damu iliyokwisha kukauka, ndilo Antony ataonyesha umati kwenye mazishi, akitaja tundu la Cassius, la Casca, kisha la Brutus. Hilo la Brutus likatwe kubwa kuliko yote. Raia wanane au kumi wakae kati ya watazamaji na waanze kunung'unika kutoka huko. Brutus ahutubie akiwa juu, mbali na maiti. Antony ashuke mpaka ilipo.

Kuhusu mavazi, tuwe waangalifu. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, ukiitwa bado Elisabethville. Wazee ukumbini watamkumbuka bila ninyi kumtaja. Msimvike Caesar miwani wala ndevu za mtu yeyote. Shuka jeupe au kikwembe cha rangi moja kinatosha, kila mtazamaji ajazie mwenyewe ni nani.

Onyesho la Cinna mshairi, anayeuawa kwa kufanana jina tu na mmoja wa wauaji, ni fupi, na wengi hulikata. Bakini nalo. Hapo umati utumie mikono mitupu, damu isiwepo kabisa, na taa zizimwe kabla hajaanguka.