SOMO: Wimbo wa kufungulia tamthilia ya mashaka

Maprodyuza wengi wa hapa Dar wananiuliza jambo lilelile: "Tamthilia ya mashaka niiwekee biti gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Soma mswada. Hujapewa? Omba.

2. Muulize muongozaji hofu ya kisa inatoka wapi. Mtu anayefuatwa usiku Kariakoo anataka mwendo. Familia ya Upanga inayoficha maiti inataka utulivu unaokera. Biti inatoka kwenye jibu hilo.

3. Sekunde 30 hadi 40 zinatosha.

4. Usiufikishe wimbo nyumbani. Walioimba kwaya wananielewa: ukianza na Do, noti ya nyumbani, sikio linaisubiri Do. Ukimpa mtazamaji Do mwishoni, mwili unatulia, na kisa ndiyo kwanza kinaanza. Mwachie kwenye Re au Ti, noti jirani zake, aingie sehemu ya kwanza akiwa bado anadai. Mdundo nao unaweza kufanya kazi hiyo. Mtunzi Lalo Schifrin, mwaka 1966, aliipa tamthilia ya Mission: Impossible mapigo matano kwa kila baa (kipande kimoja cha mdundo), wakati sikio limezoea manne, kila baa unahisi mguu umekosa pa kukanyaga.

ONYO: mhariri wa picha asiufifishe mwisho taratibu. Aukate pale pale, maana kufifisha ni kumpoza mtu.
ONYO: mashairi yasisimulie kisa. Ukiimba "rafiki kanisaliti" umeshamtaja muuaji.
ONYO: radi, ngoma, kinanda na fidla kwa pamoja ni kelele. Chagua viwili.

5. Sikiliza kwenye simu. Wengi watatazama humo, na spika ya simu haitoi besi nzito. Rudia mstari wa besi oktavu moja juu (noti zilezile, sauti nyembamba zaidi), kwa sauti ndogo.

MASWALI

Mtoto wa Temeke: Mkuu, kwa hiyo biti gani inafaa?
— Hatua ya 2.

Boss Mix: Si nichukue tu ya YouTube niipunguze spidi?
— Hapana. Kupunguza spidi hakuufanyi wimbo kuwa wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na mnaweza kubanwa wewe na aliyekupa kazi.

Boss Mix: Mbona wengine wanafanya?
— Nimeshajibu.

Binti Ilala: Samahani kaka, vyombo vya taarabu vinaweza kutisha? Nasikia harusi tu kichwani.
— Swali zuri sana, dada. Vinatisha mno ukiviondolea shamrashamra. Chukua kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, piga noti moja ya chini, iache ife yenyewe. Kisha fidla moja iingie kwa upinde mrefu, bila kutetemesha kidole. Tumia makamu (mpangilio wa noti) ya Hijaz: kati ya noti ya pili na ya tatu kuna pengo pana la nusutoni tatu (nusutoni ni hatua ndogo kabisa ya kinanda). Kaa juu ya ile ya pili, iko karibu mno na nyumbani na haiingii. Usiweke dumbaki, ile ngoma ya taarabu, kabisa.

Binti Ilala: Asante sana kaka. Na honi ya pantoni la Kigamboni je?
— Nenda Magogoni alfajiri, kabla magari hayajajaa. Rekodi kutoka mbali kidogo, maana ukisogea karibu sauti itapasuka. Ukifika studio ishushe oktavu moja, tafuta noti yake kwenye kinanda, kisha pandisha au shusha kanuni yako iwe nusutoni moja juu yake. Ukimaliza nitumie, nataka kuisikia.