Raba ndani ya mkoba: nilivyorudi mazoezini baada ya miaka 6

Kwa miaka 6 raba zangu zilikaa chini ya kitanda. Kila Januari nilizitoa, nikazifuta vumbi, nikakimbia siku 3, nikazirudisha. Nilijiambia sina hamu. Kumbe nilikuwa naisubiri hamu ije ndipo nitoke, na hamu ya mazoezi haimfuati mtu kitandani. Unakutana nayo njiani, kama dakika 10 tangu uanze kutembea, mwili ukishapata joto.

Kwa hiyo usitafute muda mpya. Siku ya mtu wa Dar imeshajaa foleni, kazi, watoto na maji yanayotoka usiku wa manane. Chukua safari unayoifanya tayari, uimege. Mimi narudi na mabasi ya mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nashuka Baruti, vituo vichache kabla ya Kimara, navaa raba palepale kituoni, namalizia kwa miguu. Ni karibu nusu saa, na barabara inapanda. Raba zinakuwa ndani ya mkoba tangu asubuhi, na hilo ndilo lililoniokoa, maana nikishafika nyumbani nikakalia kochi, sitoki tena.

Pata na mwenzako. Jirani yangu anafanya kazi Manzese, tunakutana Baruti. Ikifika saa 11 jioni ananiandikia: "Dada, umefika wapi?" Hata nikiwa nimechoka kiasi gani, siwezi kumwacha amesimama kituoni peke yake. Na giza likiingia, wanawake wawili tunatembea kwa amani zaidi.

Wiki 2 za kwanza fanya kidogo kuliko unavyoweza. Nakusihi hapa unisikilize. Zamani nilijiunga na kikundi cha jogingi cha Jumamosi, nikawafuata vijana mbio hadi Daraja la Tanzanite. Kesho yake goti lilivimba, nikakaa mwezi mzima. Misuli kuuma siku 1 hadi 3 ni kawaida kwa mwili uliolala. Goti kuvimba au kifua kubana si kawaida. Acha, umwone daktari. Na kama una presha au sukari, muone kabla hujaanza. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuongea lakini huwezi kuimba.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2. Usianze na 150. Mimi nilianza na 90, nikaongeza matembezi ya Jumamosi na Jumapili alfajiri nilipoingia mwezi wa tatu wa mazoezi. Ya nguvu nafanya jikoni maharage yakichemka: kukaa na kuinuka kwenye kigoda mara 10, pushapu za ukutani mara 10, kisha narudia.

Kuna misimu miwili itakayokujaribu. Desemba hadi Machi joto la huku linakausha mtu, hivyo kunywa maji mapema na uhamie saa 12 asubuhi ukiweza. Halafu masika, tope na madimbwi kila mahali. Zamani, kabla ya ile miaka 6, hapo ndipo nilipokuwa naacha kila mwaka. Nilinunua kamba ya kuruka, naruka barazani mvua ikinyesha.

Na utakatishwa tu, kwa homa, kwa msiba, kwa mgeni. Usirudi kwa kufidia siku zilizopotea. Mwezi uliopita nilikuwa msibani Tanga wiki nzima. Niliporudi sikushuka Baruti. Nilishuka Korogwe ya huku Kimara, kituo kimoja tu kabla ya mwisho, jirani yangu naye akanifuata hukohuko. Wiki iliyofuata tukashuka Bucha, kati ya Korogwe na Baruti. Jumatatu hii tumerudi Baruti.