Kumwandaa Mgonjwa wa Valvu za Moyo kwa Upasuaji Mkubwa: Mwongozo kwa Familia za Kigoma

Mtu mwenye valvu ya moyo iliyoharibika anaweza kufanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi, wa utumbo au wa nyonga na akapona vizuri, mradi madaktari waujue ugonjwa huo mapema. Hatari kubwa huja pale unapogunduliwa mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa mezani.

Anza na historia yake. Moyo una valvu nne zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, na kwetu wengi huziharibu tangu utotoni, kwa mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa ambayo huzaa homa ya rumatiki na kuacha makovu yanayojitokeza miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mweleze daktari kama mgonjwa aliwahi kuvimba viungo kwa zamu akiwa mtoto, au kuchomwa penisilini kila mwezi. Mweleze pia kama huchoka upesi akipanda mlima, hulala kwa mito miwili au mitatu, huamka usiku akitafuta hewa, huvimba miguu au amewahi kuzirai. Mjamzito anayetarajiwa kujifungua kwa upasuaji aulizwe kwa makini zaidi, kwa sababu mimba huongeza wingi wa damu na kuuelemea moyo, na uchovu wake huchukuliwa kirahisi kuwa ni wa mimba tu.

Dalili hizo zikiwapo, au daktari akisikia sauti isiyo ya kawaida kifuani, ombeni kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa. Ulizeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Ikihitajika rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, nauli na malazi yaandaliwe mapema. Upasuaji wa dharura hausubiri safari hiyo, lakini hata hapo mtaalamu wa usingizi lazima aambiwe.

Eko huonyesha kama valvu imesinyaa au inavuja, na tofauti hiyo ni kubwa. Valvu inayovuja kwa kawaida huvumilia upasuaji vizuri zaidi. Valvu ya aota (mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini) iliyosinyaa sana, yaani yenye uwazi usiozidi sentimita 1 ya mraba, haivumilii presha kushuka ghafla, jambo ambalo sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kulisababisha. Aliyesinyaa valvu ya mitrali (iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo) huumizwa na mapigo ya haraka, kwa kuwa moyo hukosa muda wa kujaa damu. Mtaalamu wa usingizi akiyajua haya atachagua dawa na vipimo vya uangalizi vinavyofaa, na pengine daktari wa moyo atashauri valvu ipanuliwe kwa puto au ibadilishwe kwanza.

Dawa zote zipelekwe hospitali katika pakiti zake, zikiwamo za mitishamba. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji na damu hupimwa INR, yaani muda inaochukua kuganda, lakini mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake, hasa mwenye valvu ya chuma, kwani damu inaweza kuganda juu ya valvu hiyo. Huenda akahitaji sindano za heparini, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, katika siku hizo. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo nazo zisikatizwe bila agizo. Meno mabovu yatibiwe mapema, na mwenye valvu bandia amkumbushe daktari wa meno kumpa antibayotiki kabla ya kung'oa.

Baada ya upasuaji, anayemuuguza awe macho hasa siku 3 za mwanzo, kipindi ambacho maji yaliyotanda mwilini hurudi kwenye mishipa na yanaweza kujaza mapafu. Akihema kwa shida, akishindwa kulala chali, akikohoa povu lenye rangi ya waridi au mapigo yakienda mbio, muuguzi aitwe hapo hapo. Kabla ya kuruhusiwa, ombeni iandikwe kwenye karatasi tarehe ya kuanza tena wafarini, tarehe ya kupima INR na kliniki atakayofuatiliwa.